Faili lilipata alama nne kati ya nne, mgonjwa akarudi siku ya sita

Ukilisoma faili la mgonjwa huyu bila kujua kilichofuata, utaipongeza hospitali. Aliingia na mshtuko wa moyo, mshipa ukafunguliwa upesi, na alipokuwa anaruhusiwa aliandikiwa aspirini, dawa ya kundi la beta-bloka (ya kuupunguzia moyo kazi), kizuizi cha ACE (cha kulegeza mishipa na kushusha shinikizo la damu) na statini (ya kushusha lehemu). Hivyo ndivyo vigezo vinne ambavyo hospitali za Marekani zilipimwa navyo kuhusu dawa za kwenda nazo nyumbani baada ya mshtuko wa moyo. Alipata vyote vinne. Siku ya sita alibebwa tena na gari la wagonjwa, stenti, yaani kijibomba cha waya kilichowekwa kuushikilia mshipa uwe wazi, imeziba na sehemu nyingine ya misuli ya moyo imekufa.

Mgonjwa mwenyewe nimemtunga, ili nisianike habari za mtu yeyote. Vigezo, tarehe na tafiti ni za kweli, na kisa nimekiweka Februari 2011 kwa makusudi. Kigezo cha statini kilianza kukusanywa kwa wagonjwa walioruhusiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2011. Vigezo vya beta-bloka na kizuizi cha ACE vilisitishwa na Medicare, bima ya serikali kuu ya Marekani kwa wazee na baadhi ya walemavu, kwa walioruhusiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Upo basi mwaka mmoja tu ambao Medicare ilidai vyote vinne kwa pamoja. Kama mfumo huo wa kupima uliwahi kukamilika, ulikamilika mwaka huo.

Kilichotokea

Ni mwanamume wa miaka 58, dereva wa lori, mvutaji sigara wa miaka mingi, mwenye shinikizo la damu alilokuwa akilitibu kwa kubahatisha. Alifika Jumatano alfajiri akilalamika maumivu ya kifua. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha mshtuko mkubwa wa upande wa mbele. Dakika 71 baada ya kuvuka mlango wa hospitali, ateri ya mbele ilikuwa imeshafunguliwa kwa puto na kuwekewa stenti yenye dawa. Kigezo kilitaka dakika zisizozidi 90, kwa hiyo hapo pia hospitali ilifaulu. Alipewa klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 600 kwa mkupuo, kisha 75 kila siku. Kipimo cha mawimbi ya sauti kilionyesha kwamba chumba cha kushoto cha moyo kilikuwa kinasukuma nje asilimia 35 tu ya damu iliyomo kwa kila pigo, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya asilimia 50.

Jumamosi mchana akaruhusiwa. Orodha yake ya dawa ilikuwa hivi: aspirini miligramu 325 mara moja kwa siku, metoprololi 25 mara mbili, lisinoprili 2.5, simvastatini 20, na klopidogreli 75. Muuguzi alimsomea maelekezo, yeye akatia saini, na vyeti vya dawa vikatumwa kwenye duka la dawa lililo karibu na nyumbani kwake. Mfamasia wa wodi hakuwa na zamu Jumamosi. Hakuna aliyemuuliza dawa hizo angezilipiaje.

Bima yake ilikuwa ya mwajiri. Kwa upande wa dawa, ilimtaka ajilipie mwenyewe kila kitu hadi afikie kiwango fulani kwa mwaka, ndipo bima ianze kuchangia. Kiwango hicho kilikuwa na hesabu yake, mbali na ya matibabu ya wodini, na Januari kilikuwa kimerudi sifuri. Dawa nne kati ya tano zilikuwa za zamani, zinazotengenezwa na viwanda vingi, kila moja kwa dola chache. Klopidogreli bado ilikuwa chini ya hataza, na matoleo ya bei nafuu hayakuingia sokoni Marekani kwa kudumu hadi Mei 2012. Dozi ya mwezi mmoja ilikaribia dola 200. Mgonjwa alichukua nne na kuomba ya tano isubiri mshahara. Ukijiweka mahali pake, uamuzi huo unaeleweka kabisa: amepata dawa nyingi, kifua hakiumi tena, na katika kurasa zote alizopewa hapakuwa na mstari uliosema kwamba hii moja ndiyo ambayo haiwezi kusubiri hata siku mbili.

Nalo lilikuwa kweli. Klopidogreli huzifunga chembe za damu zinazoanzisha mgando, na chembe ikishafungwa haifunguki tena maisha yake yote, ambayo ni siku saba hadi kumi. Lakini uboho hutengeneza mpya kila siku. Mtu akiacha dawa, baada ya siku tano au zaidi kidogo chembe zisizofungwa zinakuwa nyingi kiasi cha damu kuganda kama kawaida. Ndani ya mshipa wake kulikuwa na waya mpya wa stenti ambao ukuta wa mshipa haukuwa umeufunika bado, na dawa iliyopakwa kwenye stenti ya aina hiyo huchelewesha kufunikwa huko. Aspirini peke yake haiwezi kuulinda waya huo. Ndiyo maana miongozo ya wakati ule ilitaka mwenye stenti yenye dawa ameze aspirini na klopidogreli kwa miezi 12 angalau.

Ijumaa alfajiri maumivu yalirudi. Gari la wagonjwa lilimpeleka hospitali nyingine, iliyokuwa karibu zaidi. Stenti ilikutwa imejaa damu iliyoganda, ikafunguliwa tena, na akapona kifo. Chumba cha kushoto cha moyo sasa kilikuwa kinasukuma asilimia 25.

Jinsi faili linavyosomwa

Wiki kadhaa baadaye, msomaji wa mafaili wa hospitali ya kwanza, kwa kawaida muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, alilifungua faili hilo akiwa na mwongozo wa pamoja wa Medicare na Joint Commission, taasisi inayozipa hospitali ithibati. Kwanza huangalia nani anastahili kuhesabiwa. Wanaondolewa waliofariki, waliohamishiwa hospitali nyingine, walioondoka kinyume cha ushauri wa daktari, na walio katika huduma ya faraja tu. Kisha kila dawa ina sababu zake za kutodaiwa. Aspirini haidaiwi kwa mwenye mzio nayo, au anayeruhusiwa na warfarini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Beta-bloka haidaiwi kwa ambaye umeme wa moyo wake umekatika njiani na hana kifaa cha kusaidia mapigo. Kizuizi cha ACE, au dawa ya jamii yake inayozuia vipokezi vya angiotensini, hudaiwa kwa mwenye chumba cha kushoto kinachosukuma chini ya asilimia 40 pekee. Na daktari au mfamasia akiandika sababu nyingine yoyote ya kutoitoa dawa, mgonjwa anaondolewa kwenye hesabu bila hospitali kuadhibiwa.

Napenda sehemu hii ya mwongozo na sitaki ipite bila kusifiwa. Waliouandika walijua kwamba kigezo kibovu kinaweza kuua kwa kumlazimisha daktari atoe dawa asipopaswa, wakaacha mlango wazi kwa uamuzi wa kitabibu. Vigezo vingi vya ubora havina adabu hiyo.

Baada ya hapo linabaki swali moja kwa kila dawa: je, jina lake lipo kwenye orodha ya dawa za kuruhusiwa? Aspirini ipo. Metoprololi ni beta-bloka, ipo. Lisinoprili ni kizuizi cha ACE na mgonjwa yuko kwenye asilimia 35, kwa hiyo inadaiwa na ipo. Simvastatini ni statini, ipo. Msomaji alijaza ndiyo mara nne, na alijaza kweli. Hapana aliyedanganya katika kisa hiki, na kwa maoni yangu hilo ndilo linalokifanya kistahili kuchambuliwa.

Vigezo hivi vilitoka wapi

Mtu anayeviona vigezo hivi kama makaratasi tu anapaswa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Ushahidi ulikuwepo kwa muda mrefu. Mwaka 1982 utafiti wa BHAT wa Marekani, uliohusisha wagonjwa 3,837, ulionyesha kwamba propranololi, mojawapo ya beta-bloka, ilipunguza vifo baada ya mshtuko wa moyo kutoka asilimia 9.8 hadi 7.2. Mwaka 1988 ISIS-2, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba aspirini miligramu 160 kwa siku, kwa mwezi mmoja, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23. Mwaka 1992 SAVE ukafanya vivyo hivyo kwa kaptoprili, kizuizi cha ACE, kwa wenye moyo uliodhoofika. Mwaka 1994, utafiti wa simvastatini wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 ulipunguza vifo vyote kwa asilimia 30.

Wodini mambo yalikuwa mengine. Katikati ya miaka ya 1990, shirika la serikali lililosimamia Medicare lilikusanya mafaili ya wagonjwa zaidi ya 200,000 wa mshtuko wa moyo kote nchini. Kati ya wazee waliokuwa hawana sababu yoyote ya kunyimwa beta-bloka, ni nusu tu walioruhusiwa nayo. Zaidi ya miaka kumi tangu BHAT, dawa ya bei ndogo iliyopunguza vifo ilikuwa inategemea mgonjwa ameangukia mikononi mwa daktari gani.

Ndipo kupima kukaanza kwa nguvu. Mwaka 1996 NCQA, taasisi inayopima mipango ya bima, ilianza kuhesabu beta-bloka baada ya mshtuko wa moyo. Joint Commission ilianza kuzitaka hospitali takwimu zao mwaka 2002. Sheria ya Medicare ya mwaka 2003 iliweka fedha nyuma ya jambo hilo: hospitali isiyoripoti vigezo kumi, na vitano kati ya hivyo vilikuwa vya mshtuko wa moyo, ilipunguziwa nyongeza yake ya malipo ya mwaka kwa pointi 0.4 za asilimia. Sheria iliyofuata ikapandisha adhabu hiyo hadi pointi 2. Aprili 2005 matokeo ya kila hospitali yakawekwa hadharani kwa yeyote kuyaona. Tazama kwamba adhabu ilikuwa ya kutoripoti. Hospitali iliyoripoti alama mbaya haikupoteza senti. Hata hivyo aibu ya kuonekana ilitosha. Kigezo cha NCQA kilichoanza kwenye karibu theluthi mbili kilivuka asilimia 90 ndani ya miaka kumi, na mwaka 2007 kikastaafishwa kwa sababu hakikuwa tena na wa kumtofautisha.

Watu wengi wako hai kwa ajili ya kazi hiyo. Ninayoyasema kuanzia hapa hayaifuti.

Kisichokuwa kwenye orodha

Kosa la kwanza liko wazi ukishaliona: dawa iliyompeleka mgonjwa huyu hospitali mara ya pili haikuwa miongoni mwa nne. Kati ya dawa tano alizoandikiwa, mfumo wa taifa ulihesabu nne, nazo zote zilikuwa rahisi na za zamani. Ile ghali, mpya zaidi na isiyovumilia pengo haikuulizwa. Vigezo vilitokana na tafiti za enzi ambayo mshtuko wa moyo ulitibiwa kwa dawa na kitanda, na vilibaki hivyo wakati matibabu yenyewe yalikuwa yameshahamia kwenye stenti.

Na hatari ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 500 wa mshtuko wa moyo waliowekewa stenti zenye dawa katika hospitali za Marekani. Karibu mmoja kati ya saba alikuwa ameacha klopidogreli au dawa ya jamii yake ndani ya siku 30. Katika miezi 11 iliyofuata, asilimia 7.5 ya walioacha walifariki, na kati ya walioendelea ni asilimia 0.7. Walioacha walikuwa zaidi watu wa elimu ndogo, wasio na mwenzi, wanaokwepa matibabu kwa sababu ya gharama, na ambao hawakukumbukwa kupewa maelekezo ya dawa walipokuwa wanaruhusiwa. Siwezi kusema kwamba tofauti yote ya vifo ilitokana na dawa, kwa maana watu hao walikuwa na mizigo mingine pia. Lakini sehemu ya sura ya mgonjwa wetu iko humo, miaka mitano kabla hajaumwa.

Januari 2007 vyama vya madaktari wa moyo vya Marekani vilitoa tahadhari ya pamoja kuhusu jambo hilohilo. Vilisema daktari azungumze na mgonjwa kuhusu miezi 12 ya dawa kabla ya kumwekea stenti yenye dawa, na kama uwezo wa kuinunua una mashaka, afikirie sana stenti ya kawaida isiyo na dawa, ambayo ilihitaji muda mfupi zaidi. Viliwaomba pia watengenezaji wa dawa na wenye bima wahakikishe bei haimfanyi mtu aache. Naelewa kwamba alfajiri, mtu akiwa anakufa mezani, hakuna anayekaa kumuuliza kuhusu bima yake. Nisichokielewa ni Alhamisi na Ijumaa. Mgonjwa alilala wodini siku mbili nzima akiwa macho, na swali la dola 200 lilikuwa na nafasi ya kutosha.

Kosa la pili ni la kipimo cha dawa. Simvastatini miligramu 20 ilihesabiwa sawasawa na atovastatini 80. Lakini tangu mwaka 2004, utafiti wa PROVE IT wa wagonjwa 4,162 waliotoka kwenye tukio la moyo ulikuwa umeonyesha kwamba statini ya nguvu kubwa iliwakinga zaidi kuliko ya wastani. Kigezo kilizaliwa miaka saba baadaye bila kuuliza ni miligramu ngapi. Lisinoprili 2.5 naitetea, kwa kuwa shinikizo la mgonjwa siku ile lilikuwa 104 kwa 62 na mtu huanza chini kisha akapanda. Shida ni kwamba wa kuipandisha hakutajwa popote, wala tarehe ya kumwona haikuandikwa.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma zaidi. Kurudi kwake hospitali hakukuonekana. Wakati huo Medicare ilishaanza kutangaza vifo vya siku 30, tangu mwaka 2007, na wanaorudi ndani ya siku 30, tangu mwaka 2009. Vigezo hivyo vilihesabu wenye bima ya Medicare waliofikisha miaka 65. Yeye alikuwa na miaka 58 na bima ya mwajiri. Vigezo vya dawa, kwa upande mwingine, vilihesabu kila mtu mzima bila kujali anayelipa. Kwa hiyo karatasi ya dawa ilimhesabu kama ushindi, na karatasi ya matokeo haikumjua. Hospitali ya pili ilipomruhusu na dawa zilezile nne, ilijiandikia nayo alama nne. Mtu mmoja aliyepata mishtuko miwili ndani ya siku kumi aliziongezea takwimu za nchi mafanikio manane.

Hili halimhusu yeye peke yake. Mwaka 2006 watafiti walilinganisha hospitali 962 na kukuta kwamba vigezo vya matibabu ya mshtuko wa moyo, vikiwemo vya aspirini, beta-bloka na kizuizi cha ACE, vyote kwa pamoja, vilieleza asilimia 6 tu ya tofauti ya vifo vya siku 30 kati ya hospitali moja na nyingine. Sehemu ya sababu ni kwamba dawa hizi huokoa polepole, kwa miezi na miaka. Lakini sehemu nyingine ni umbali kati ya jina kwenye orodha na kidonge mdomoni. Katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo, mgonjwa mmoja kati ya wanane aliyeruhusiwa na aspirini, beta-bloka na statini alikuwa ameziacha zote tatu kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza.

Kipi kingebadilisha mwisho wa kisa

Jibu la haraka ni kwamba dawa ingetolewa bure. Limepimwa, na matokeo yake yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Katika utafiti wa MI FREEE uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 5,855 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo waligawanywa: wengine waliondolewa mchango wote wa bei ya dawa, wengine wakaachwa na bima ya kawaida. Waliopewa bure walimeza zaidi, kwa pointi nne hadi sita tu. Kilichonishtua ni kiwango chenyewe: katika bima ya kawaida uzingatiaji, yaani kumeza dawa kama ilivyoagizwa, ulikuwa kati ya asilimia 36 na 49. Tukio la kwanza la moyo halikupungua kwa kiasi cha kuaminika, ingawa matukio yote yakijumlishwa yalipungua. Mwaka 2019 utafiti wa ARTEMIS uliwapa wagonjwa hati za kulipia klopidogreli au tikagrelori, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo. Waliodumu na dawa waliongezeka kidogo, na matukio makubwa ya moyo hayakutofautiana.

Kwa hiyo bei ni kizuizi kimoja kati ya vingi, na mtu akiahidi kwamba dawa ya bure itamaliza tatizo hana ushahidi. Lakini wastani wa maelfu ya watu kwa mwaka mzima hauondoi ukweli wa huyu mmoja katika wiki yake ya kwanza. Yeye hakusahau, hakuogopa madhara, hakupuuza. Alisimama kwenye kaunta akiwa na fedha pungufu.

Kwake vingetosha vitu vya kawaida sana. Duka la dawa la hospitali lingempelekea dawa zote tano kitandani kabla hajavaa viatu, na bei ikajulikana hapo muuguzi na daktari wakiwa bado karibu. Kama bei imeshindikana, vidonge vya siku 30 kutoka stoo ya hospitali vingemvusha katika kipindi kibaya kuliko vyote. Simu moja Jumatatu au Jumanne, yenye swali moja, "nisomee majina ya chupa ulizonazo", ingegundua pengo wakati damu yake bado ina kinga. Na sentensi moja ya mdomo, iliyorudiwa na mkewe ili ijulikane imeeleweka, ingemwambia kwamba kama ni lazima aache dawa yoyote dukani, isiwe hii.

Vigezo viliishia wapi

Medicare ina kanuni ya kustaafisha kigezo: hospitali bora na zile za wastani wa juu zikishakuwa hazitofautiani kitakwimu, na alama zote zimebanana juu, kigezo kimemaliza kazi. Hivyo ndivyo beta-bloka na kizuizi cha ACE vilivyoondoka mwaka 2012, na aspirini na statini zikafuata miaka michache baadaye. Medicare ilipoanza kulipa kwa ubora Oktoba 2012, hakuna hata kigezo kimoja cha dawa za kuruhusiwa baada ya mshtuko kilichoingizwa kwenye hesabu.

Kustaafisha ni jambo zuri, na kuna wakati kulikuja kwa kuchelewa. Kigezo cha kumpa mgonjwa beta-bloka anapofika kiliondolewa mwaka 2009, baada ya utafiti wa COMMIT wa wagonjwa 45,852 nchini China, uliochapishwa mwaka 2005, kuonyesha kwamba metoprololi ya mapema kwa sindano haikupunguza vifo kwa ujumla na iliwaongezea baadhi hatari ya moyo kushindwa kusukuma damu. Hata ile ya kuruhusiwa nayo leo ina maswali: mwaka 2024 REDUCE-AMI haukuona faida ya beta-bloka kwa wagonjwa 5,020 ambao moyo wao ulibaki na nguvu ya kawaida. Mgonjwa wetu wa asilimia 35 si wa kundi hilo, na kwake dawa bado inasimama.

Orodha pia ilirekebishwa. Vigezo vya vyama vya madaktari wa moyo vya mwaka 2017 vinataja dawa za jamii ya klopidogreli na vinataka statini ya nguvu kubwa. Mapengo mawili ya kwanza yamezibwa. La kuandikiwa dhidi ya kupata halijazibwa, kwa kuwa neno linalopimwa bado ni lilelile, kuandikiwa. NCQA ilijaribu kulivuka: baada ya kustaafisha kigezo cha zamani ilibaki na kingine kilichoangalia kama mgonjwa alichukua beta-bloka kwa miezi sita, kwa kutumia madai ya malipo ya maduka ya dawa. Lakini hicho kiliwapima wenye bima, na kilihesabu beta-bloka. Hospitali haikurudishiwa jibu.

Hospitali inayotaka jibu haina haja ya kusubiri Washington. Ichukue kila aliyewekewa stenti baada ya mshtuko wa moyo, wa umri wowote na bima yoyote, awe na bima au hana. Iondoe walewale ambao mwongozo wa zamani uliwaondoa, pamoja na wenye sababu ya kitabibu iliyoandikwa. Kwa waliobaki ihesabu wangapi walitoka mlangoni na dozi ya siku 30 mkononi, au duka la dawa lilithibitisha ndani ya saa 48 kwamba wameichukua. Aliyeshindwa kwa sababu ya bei abaki kwenye hesabu kama aliyekosa, na jina lake lipelekwe siku hiyohiyo kwa mfamasia na mtu wa ustawi wa jamii. Zamu ya Jumamosi na Jumapili ihesabiwe peke yake. Mwezi wa kwanza namba itakuwa ya chini, na iwekwe ukutani ikiwa chini hivyohivyo.